Risasi ya Kuungia Shaba

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Hata kabla ya vita nilikuwa sinunui maziwa bila kuyaonja mbele ya muuzaji, kwa hiyo vita vilipokuja vilinikuta tayari. Yule jirani alipohamia nyumba ya pili, hapa kwetu Buyenzi, na mke, watoto na baiskeli mbovu, nilimtilia shaka siku ileile. Alisema wametoka Carama, wamekimbia mapigano. Sawa, miaka ile kila mtu alikuwa amekimbia kitu. Kilichonisumbua ni kwamba alikuwa msikilizaji. Mimi na kaka yangu tukianza kazi uani, nyumbani kwake sauti zilikatika ghafla, na kupitia mianya ya mabati yaliyotenganisha nyua zetu niliona shati lake limesimama tu.

Na kazi yenyewe haikuwa na siri. Kaka alikuwa fundi wa kufunga mota zilizoungua na mashine za kuchomelea. Waya wa zamani huvuliwa kwanza ndipo ufungwe mpya, na ule wa zamani wenzake waliuuza kwa kilo. Sisi tuliutengenezea michezo ya gololi, kama alivyotufundisha marehemu baba. Unasimamisha njia za waya juu ya ubao, zinazunguka, zinapishana, zinashuka. Unaweka gololi ya chuma kileleni, nayo inateremka yenyewe ikilia juu ya shaba mpaka kwenye kikombe cha chini. Watu wa Kinindo, mtaa wa wenye pesa, walizipenda kwa sebule zao. Lakini hawakununua kabla ya kuuliza: shaba hii imetoka wapi? Nyaya za umeme zilikuwa zikikatwa mjini, na mwenye shaba mkononi alikuwa mwizi mpaka ajieleze. Nilijieleza huku nimekunja uso.

Kukunja waya ilikuwa kazi yangu. Unauchoma kwanza kwenye makaa ili vanishi iungue na shaba ilainike, unautumbukiza majini, unausugua kwa mchanga na ndimu. Kisha unafunga ncha moja kwenye nguzo, ya pili unaikamata kwa koleo, unavuta mpaka usikie mkononi kwamba waya umekubali. Ukiuachia baada ya hapo unabaki umenyooka. Njia ni nyaya mbili zinazokwenda sambamba. Zikiachana sana gololi inatumbukia katikati, zikibanana inayumba na kuruka nje. Mzunguko mpana niliukunja kwa kuuzungushia sufuria, mdogo kwa chupa ya bia, na kaka alisema chupa tupu haina dhambi. Penye kona, waya wa nje lazima uwe juu kidogo kuliko wa ndani, la sivyo gololi inakwenda zake. Vijiti vya kuzishika nyaya mbili hukaa chini yake, visiiguse gololi.

Vijiti hivyo aliviunga kaka. Alipasha moto chuma chake kwenye makaa, akapaka ulimbo, akayeyusha risasi. Ndivyo alivyoita baba, na ndivyo walivyoita mafundi wote wa zamani wa mtaa wetu: yale madini laini ya kuungia ni risasi, na kuunga ni kutia risasi. Vijana waliotoka shule walisema étain, kwa Kifaransa. Sisi tulibaki na neno la baba. Kutwa nzima uani kwetu ilikuwa, leta risasi, risasi imeisha, hii risasi ya leo ni chafu. Na upande wa pili wa mabati, lile shati limesimama.

Asubuhi moja kaka alitia waya wa kubadilishana mfukoni, akaenda kwa makanika kutafuta gololi za beringi na risasi, maana mchezo mmoja mkubwa ulikuwa karibu kumalizika. Jua lilifika utosini hajarudi. Akaja mama anayeuza nyanya barabarani, akaongea akiwa ameshika mlango.

"Kaka yako wamemushika pale bariere. Amekaa chini, hana viatu."

Bariere ni kizuizi cha askari, na gari lao lilipita pale kila alasiri kuchukua waliokamatwa. Mtaani kwetu hakuna aliyepandishwa gari lile tukamwona tena. Hasira ikanipanda, kwa sababu nilimjua aliyefanya hivyo. Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani. Alikuwa anamwosha mtoto miguu kwenye beseni.

"We, umesema nini juu yetu?"

"Mi sijasema kitu, dada."

"Basi nani amesema? Kuku?"

Akaendelea kumsugua mtoto vidole. Mtu asiyejibu huwa ana la kuficha, nikamwacha hapo na beseni lake.

Bariere nilimkuta kaka ameketi mavumbini, mikono imefungwa nyuma kwa waya wetu wenyewe. Waya ule ulikuwa umeshachomwa ukalainika, angeweza kuufungua kwa kidole gumba. Alikuwa na akili ya kutoufungua. Mkubwa wa askari alikuwa kwenye kiti cha plastiki, na mbele yake wamemwaga mfuko wa kaka.

"Shefu," nikamwambia, "yule muliyemushika ni kaka yangu. Kuna mutu amewadanganya juu yake."

"Hakuna mutu. Mi nilimuuliza mwenyewe, mu mufuko kuna nini? Akanijibu: apana kitu, shefu, ni risasi tu. Bila haya."

Nilimtazama kaka. Kaka aliitazama ardhi. Hakukuwa na mchongezi yeyote. Ulimi hauna mfupa, na wa kaka ulikuwa umejibu kwa Kiswahili cha baba, pale ambapo neno lile lina maana moja tu. Nikaeleza. Shefu akainua kipande kimoja cha risasi, akakirudisha chini. Waya, vyuma vya mviringo, na mtu anayesema ana risasi: kwa hesabu yake alikuwa amekamata mtengeneza bomu.

"Ni mchezo, shefu. Nikaulete, uone."

"Uulete. Gari ikikutangulia, basi."

Nilikimbia. Mchezo ulikuwa uani, umefika usawa wa kifua changu, na vijiti kadhaa vya kona ya juu vilikuwa bado havijaungwa. Nilikuwa nimevishikiza kwa waya mwembamba. Niliinua ubao upande mmoja, wote ukajipinda. Mtu mmoja hawezi kuubeba. Nikageuka, jirani alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mikono bado ina povu.

"Mi nashika huku," akasema.

Nilijua kinachompeleka. Anataka kuona mwisho wetu kwa macho yake. Lakini sikuwa na wa kuchagua, tukaubeba, yeye mbele mimi nyuma, na njia nzima nilikitazama kisogo chake kikichuruzika jasho. Tulipofika bariere nilisikia pumzi yake. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na hilo nalo nikalitilia shaka.

Gari lilikuwa halijafika. Niliomba gololi moja kati ya zile zilizomwagwa, nikaiweka kileleni. Ilishuka mnyoosho wa kwanza vizuri, ikaingia kona, ikaruka, ikaanguka mavumbini. Askari wawili walirudi nyuma na bunduki zikainuka. Waya wa nje ulikuwa umelala tulipobeba. Koleo sikuwa nalo, na sikuthubutu kuomba kitu cha chuma. Nikauinua ule waya kwa gumba, kidogo, kidogo, nikipima nafasi kwa gololi yenyewe, maana kipimo changu kilibaki nyumbani. Nikasema bismillahi, nikaiweka tena.

Safari hii iliinama kwenye kona kama mpanda baiskeli, ikapita. Ikazunguka pale pa sufuria, ikazunguka pale pa chupa, ikalia mpaka ikaingia kikombeni. Shefu akainama, akaitoa, akaiweka kileleni kwa mkono wake. Halafu askari mwingine, halafu mwingine, wakaanza kugombania zamu.

Nilichukua kile kipande, nikakitia ukucha mbele ya shefu, alama ikabaki.

"Ni hii, shefu. Ya kuungia. Kwetu ndiyo risasi."

Naye akakitia ukucha wake.

"Museme étain," akasema. "Kuanzia leo, museme étain."

Kaka akafunguliwa. Mchezo walibaki nao, na hatukuuliza.

Tulirudi kwa miguu. Kaka alitangulia, hakutaka kutazamwa. Nilitembea na jirani, na kwa kuwa nilikuwa nimemtukana mbele ya mtoto wake, ilinibidi niseme neno. Nikamuuliza kwa nini alikuja.

"Kule Carama, mutu alisema juu ya kaka yangu," akajibu. "Alisema anaficha silaha. Wakamubeba mbele ya nyumba, na mi nilikuwa ndani, sikutoka. Hakurudi."

Nikasema pole. Alitazama kaka yuko umbali gani, akashusha sauti.

"Na leo umewadanganya vizuri sana, dada. Ile ya ukucha, mi mwenyewe karibu niamini. Lakini muzitoe mu nyumba. Tangu tulihamia nasikia munazihesabu, leta risasi, risasi imeisha. Mi sitasema kwa mutu. Ni juu ya watoto tu."

Nilisimama katikati ya barabara. Miezi yote ile alikuwa anajua, kwa hakika yake, kwamba tunaficha risasi za bunduki, na hakumwambia mtu. Alibeba ubao ule mpaka mbele ya askari akiamini hivyo. Iliniuma vibaya. Nikamshika mkono, jambo ambalo kwetu mwanamke halifanyi kwa mume wa mtu, nikamwingiza uani. Nikamfungulia kila kopo na kila sanduku, nikawasha makaa, nikamyeyushia kipande mbele ya macho yake. Aliitikia kila kitu kwa adabu, ndiyo dada, nimeona, kama mtu aliyekwisha kuamua kukusitiri hata ukimdanganya. Akaaga, akaenda kwake. Baadaye kidogo nikasikia, nyuma ya mabati, yeye na mke wake wanaburuta kitanda cha watoto kukitoa upande wa ukuta wetu.