Bekiye ya Baba Mkwe

Hapa Kasongo hakuna aliyeniomba niwe fundi wa kuunganisha alumini kwa msuguano. Nilijiteua mwenyewe. Bekiye ya baba mkwe, gongo lake la alumini la kuegemea kwapani, lilikatika mguu, ikabidi mzee apelekwe msikitini juu ya baiskeli kama gunia la mihogo. Aliona aibu sana. Mimi nikaona nafasi ya kumwonyesha kwamba binti yake hakuolewa na mpumbavu.

Karakanani kwangu, kipande kimoja nilikifunga kwenye turu, mashine ya kukerezea vyuma, kikazunguka. Kingine nikakisukumia kwa gurudumu la mkono mpaka vikalainika kwa moto wa kusuguana. Tatizo ni kipimo. Mwendo ukiwa mdogo, vinashikana juu juu tu. Ukisugua mno, alumini inalegea hata kando ya kiungo. Na nguvu kubwa huja mwisho, mashine inaposimama: hapo unakaza, unashikilia mpaka kipoe. Niliharibu vipande vingi vya majaribio kabla ya kujua haya, kisha nikaanza kutembea kama injinia.

Siku ya kazi yenyewe, vipande vilipolainika, nilizima mashine, nikaanza kukaza. Mara mlangoni:

"Hodi! Mukwe, habari?"

Ni baba mkwe, ameshikwa bega na mke wangu. Kwetu mume wa binti humsalimu baba mkwe kwa mikono miwili, ameinama. Nikaachia gurudumu, nikainama. Nikauliza habari za nyumbani, za mashamba, hata za mbuzi. Adabu ilikamilika, kiungo kikapoa bila mtu wa kukikaza.

Kwa macho kilipendeza. Mzee akaegemea, kikakatika papo hapo. Nikamdaka, nikajikuta nimemkumbatia baba mkwe kifuani, mbele ya binti yake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Imevunjika juu ya nini?" akauliza, akitaka sababu.

"Juu ya salamu, baba."

Kesho yake, nikiwa nakaza kiungo kipya, alirudi, akasimama mlangoni bila hodi. Nilimwona, nikang'ang'ania gurudumu kwa mikono yote miwili, jasho likinitiririka kwa aibu zaidi kuliko kwa kazi. Hatukusemezana mpaka alumini ikapoa.

Ijumaa alipita mbele ya karakana akienda msikitini, anatembea mwenyewe kwa bekiye yake. Nikatoka mbio, nimeshainama, mikono mbele. Hakusimama.

"Utanisalimia nikirudia, mukwe," alisema. "Sasa niko natembea."