Tai ya Balozi wa Ubelgiji

Klabu yetu ya diplomasia ilikutana kila Ijumaa katika karakana ya useremala, maana ndiko kulikokuwa na meza ndefu. Mwalimu wa historia, ambaye safari yake ya mbali kabisa ilikuwa Bukavu, alitufundisha kuinama mbele ya mfalme, kunywa chai bila kufyonza, na kusema hapana kwa dakika kumi bila kulitamka neno lenyewe. Chai ilikuwa maji. Wafalme hawakuwapo.

Tuligawana dunia. Wajanja walichukua Marekani na Uchina. Mimi nilichelewa siku hiyo, nikakuta imebaki Ubelgiji, na katika Zaire ya miaka ile hiyo ilikuwa sawa na kupewa shingo ya kuku. Sikulalamika. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mkubwa mmoja wa mambo ya nje angekuja kutoka Kinshasa kutusikiliza, na angemwandikia mwanafunzi mmoja tu barua ya kwenda kusomea ubalozi huko. Niliitaka barua ile hata nikakosa hamu ya kula. Nilikwishajiona Ulaya, nikikataa mambo kwa heshima.

Sasa, balozi wa Ubelgiji avae nini? Wakubwa wote, kuanzia prefe, yaani mkuu wa shule yetu, walivaa abakosti, koti lile la kufungwa hadi shingoni, kwa sababu tai ilikuwa imepigwa marufuku kama masalio ya wakoloni. Nikajiambia: leo mimi si Mzaire, leo mimi ndiye mkoloni mwenyewe. Hiyo ndiyo akili niliyopewa na shule. Katika sanduku la baba, chini ya mashuka, nilikuta tai nyekundu iliyokunjwa vizuri ndani ya gazeti. Nikaivaa.

Mgeni alipofika, hata salamu sikumaliza. Mkubwa aliinua mkono, akauliza kitu kile shingoni ni cha nani. Nikakumbuka masomo yote, nikajibu kwamba ni cha baba, lakini mwili wa balozi na mavazi yake haviguswi na serikali ya mwenyeji. Jibu sahihi kabisa. Mwalimu wa historia akaangalia viatu vyake. Mkubwa akasema vema, basi twende kwa mwenye nguo.

Baba alikuwa uani kwetu, mtaa wa Majengo, akipanga magunia ya maharage yaliyotoka Butembo. Alipotuona, mkubwa, prefe, mwalimu, na mimi na tai yangu, alielewa kabla hatujafungua mdomo. Watu walifungwa kwa vitu vidogo kuliko hicho. Alinikaripia mimi kwanza, kisha akamgeukia mgeni, akamwita mwananchi kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoamuru.

"Unisamehe, citoyen. Ile njo kamba ya mbuzi yangu. Mutoto aliikamata bila kuniuliza."

Akanivua tai, akaenda kwa mbuzi wetu wa pekee, akamfunga nayo kwenye nguzo, akalikaza fundo taratibu. Mbuzi akaanza kutafuna ncha yake. Mkubwa alimtazama mbuzi, halafu akacheka hadi akashika tumbo. Baba akasema kwamba mbuzi akimpendeza mgeni, basi ni wake, pamoja na kamba. Mbuzi akapanda gari la serikali.

Barua alipewa balozi wa Uchina. Mimi nilipandwa na hasira, nikamwambia baba kwamba alikuwa amenifanya kichekesho mbele ya walimu, kwamba mzazi wa kweli angesimama akanitetea. Nilisema hayo yote na sikuona haya. Baba akarudi kwenye magunia yake.

Mama ndiye aliyenijibu, akichambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni, bila kuinua macho.

"Ile tai, baba yako alinioa nayo. Wakati walikataza, picha ya ndoa aliichoma. Tai ilimushinda kuchoma."

Nilitoka kwenda kumwomba baba msamaha. Kabla sijasema neno, aliniambia nishike upande wa pili wa gunia.