Matangi Yaliyofukiwa Siku ya Harusi

Mtu aliyenifundisha kazi ya mazingira, bosi wangu wa kwanza, ndiye aliyeniuza. Nilianza kwake nikiwa nimetoka chuoni, akanionyesha jinsi ya kusoma sheria bila kuiogopa. "Usiulize sheria inakataza nini," alikuwa akiniambia. "Uliza inamlinda nani." Maneno hayo niliyashika kama aya ya Biblia.

Kwa hiyo alipopata kazi ya kusimamia ujenzi wa kituo cha mafuta karibu na Mukuyuni, alinipigia simu mimi kwanza. "Huko ni kwenu. Watu watakuamini." Nilifurahi.

Kiwanja kilikuwa juu kidogo ya kisima ambacho akina mama wa upande ule hukitegemea mto ukikauka. Mkutano wa wananchi ulifanyika kanisani. Shangazi yangu, dadake baba, alisimama akauliza, "Na haya mafuta yakivuja huko chini, sisi tutajuaje?" Nilimjibu kwa Kikamba, watu wote wakisikia: matangi yatakuwa na kuta mbili, yatalazwa ndani ya shimo la zege, na kando yake tutachimba visima vidogo vya kuchunguza uvujaji. Hakuna tangi litakalofukiwa kabla sijalikagua mwenyewe.

"Kama ni wewe umesema, basi," shangazi alisema, akakaa. Kibali kilitoka na masharti hayo hayo.

Wiki ya kuleta matangi, binamu yangu alikuwa anaoa Kitui. Bosi alinihimiza niende. "Harusi ni mara moja. Matangi yatakungoja." Hata alimnunulia bwana harusi mbuzi, nami nikasimama mbele ya ukoo mzima kumshukuru. Nilicheza siku hiyo mpaka nikavua viatu.

Jumatatu nilifika kazini, kofia ya ujenzi kichwani, kamera shingoni. Hakukuwa na shimo. Pale mahali palikuwa tambarare, na mafundi walikuwa wanapanga matofali ya kabro huku wakiimba. Nilimuuliza msimamizi wa mafundi matangi yako wapi. Alionyesha chini kwa kidole, akaendelea kutafuna mahindi yake.

Nikampigia bosi.

"Tulifukia Jumamosi," alisema kwa utulivu. "Mwenye kituo alikuwa na haraka, na yale ya kuta mbili yangechelewa."

"Na zege?"

"Udongo wa huko ni mgumu. Wewe sema tu umekagua."

"Bosi, kisima kiko pale chini. Shangazi yangu anateka maji pale."

Alicheka kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Ndiyo maana nilikuachilia uende harusini. Ungetusumbua."

Niliketi juu ya rundo la kabro. Sikulia. Nilikuwa nawaza ni mambo mangapi mengine aliyonifundisha huku yeye mwenyewe hayaamini.

Siku hiyo hiyo nilikwenda mji wa Wote kuripoti kwa mamlaka ya mazingira. Wakaguzi walipokuja, nusu ya soko ilikuwa imekusanyika. Bosi alishuka kwenye gari, akanisalimia kwa mikono miwili, kisha akawageukia wakaguzi. "Mtaalamu wetu huyu aliidhinisha kwa simu. Sasa ameogopa, anatafuta wa kulaumu."

Alisema hivyo akinitazama machoni. Shangazi alikuwa pale pale, ndoo mkononi.

Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, hakubishana na yeyote. "Chimbueni," alisema. Kabro zikang'olewa. Tangi la kwanza lilikuwa na ukuta mmoja, limelala kwenye mchanga mtupu. La pili vilevile. Bahati ni kwamba mafuta yalikuwa hayajatiwa. Ujenzi ulisimamishwa.

Nami pia nilichunguzwa, kwa sababu ya maneno yake. Kwa miezi yote ya uchunguzi huo hakuna aliyenipa kazi. Mwishowe jina langu lilisafishwa, na yeye akanyang'anywa leseni. Hakuwahi kuniomba msamaha.

Jioni moja shangazi alikuja nyumbani, akakaa jikoni na mama na mimi.

"Maji yamepimwa, ni safi," alisema. "Lakini mwana wakwa, mwanangu, siku ile yule mwanamume aliposema ni wewe uliyeidhinisha, nilimwamini."

Mama alimkatiza, "Usiseme hivyo!"

"Wacha aseme," nilimwambia mama. Nilimmiminia shangazi chai. Aliinywa polepole mpaka ikaisha.