Hodi ya Jumapili

Mpaka leo mafuta ya kukaangia yakiungua, jasho hunitoka. Msinicheke. Harufu hiyo hunirudisha nyumbani kwetu Walthamstow, Landani, miaka ya tisini, Jumapili moja mama akikaanga sambusa, nami nikiwa na miaka minane.

Baba alitoka ufalme mmoja wa Uarabuni, akaoa Mzanzibari. Yeye na wenzake walikuwa na chama cha siri. Waliamini Uislamu uko upande wa wafanyakazi na maskini, na kwamba mfalme wao lazima aondolewe, hata kwa bunduki. Kwangu mimi walikuwa ami zangu tu, wenye ndevu, waliokuja kula na kubishana mapazia yakiwa yamefungwa.

Mama hakujali mapinduzi yao, alijali adabu. Asiyepiga hodi hafunguliwi mlango, hata anyeshewe na mvua ya Landani mpaka alowe chapachapa. Basi wanamapinduzi wazima wakajifunza kusimama nje na kuita hodi kwa lafudhi ya kuchekesha. Baba akaona neno hilo linafaa kuwa ishara yao ya siri. Kengele ikilia tulinyamaza. Ikiitwa hodi, tulijua ni wetu.

Jumapili hiyo ikaitwa hodi. Mama akaitikia karibu, akafungua, upawa mkononi.

Wakaingia Waarabu wawili nisiowajua, wameshika vyuma. Walimpiga baba palepale kwenye zulia, kichwani, mgongoni, kisha mmoja akamkanyaga mkono na mwenzake akamponda vidole. Nilisikia mifupa ikivunjika. Mama akakimbilia jikoni, nikadhani ametuacha. Kumbe alifuata karai. Mafuta yalimpata mmoja usoni, akalia kilio ambacho sijakisahau. Ndipo wakatoka mbio.

Hospitali, baba, meno ya mbele hana, aliuliza jambo moja tu.

"Walipiga hodi?"

"Walipiga," mama akasema.

Baba akageukia ukutani akalia. Nilikasirika sana, maana nilidhani anamlaumu mama kwa kufungua mlango.

Nilielewa nilipokuwa mtu mzima. Watu wale wa mfalme hawakujua Kiswahili. Kuna aliyewafundisha neno lile moja, na pale kwetu walilijua waliokula sahani moja na baba tu. Alikuwa akimlilia mmoja wa ami zangu, na mpaka anakufa hakujua ni yupi.