Saa Ishirini hadi Toronto

Siku ile ya redio ningali naikumbuka, mwanangu, japo mengi ya ujana yameshanitoka. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwalimu kijana hapa Garissa. Dada yangu Habiba alikuwa kwangu, akijiandaa kumfuata mumewe Toronto. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, alibaki Kutulo na ngamia wake. Kule simu hazikuwepo. Tulizungumza kwa redio ya mawasiliano dukani, watu wote wakisikiliza.

"Nipande lori nije nimuage Habiba?" Hooyo akaniuliza.

Nilikuwa nimepima kwa uzi kwenye ramani ya shule: kilomita kama elfu kumi na mbili. Nikajiona mjuzi.

"Hooyo, ndege ni saa ishirini tu, pamoja na kusubiri njiani. Wewe kwa lori ni siku tatu. Akiwa Toronto atakuwa karibu nasi kuliko wewe ulivyo sasa. Sikukuu ya Idi atakuja kututembelea."

Akajibu: "Wewe ndiye uliyesoma. Basi mwambie nimempa radhi."

Kumbe, mwanangu, niliogopa tu. Niliogopa kwamba angekuja kulia, na Habiba angeghairi safari. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilijua ramani.

Asubuhi ya kuondoka, Habiba alikataa kupanda basi la Nairobi. Kila lori lililoingia kutoka Wajir, njia ya kwa Hooyo, alilikimbilia, akachungulia juu ya mizigo.

"Hooyo yuko wapi? Si ulisema anakuja?"

Ndiyo, na yeye nilimdanganya. Dereva alipopiga honi nilimsukuma ndani kwa mkono huu huu.

Idi ikaja, ikapita. Ndege zilikuwepo, karatasi ndizo zilizokosekana. Habiba alikuwa bado hajapewa hati za ukaazi, na angetoka bila hizo asingeruhusiwa kurudi kwa mumewe na mtoto wake mchanga. Kila Idi Hooyo aliniita redioni: "Saa ishirini hazijaisha tu?" Mwaka wa nne hakuuliza tena. Homa ilimchukua wakati wa mvua, barabara imekatika. Hata mimi wa karibu nilikuta udongo wa kaburi umeshakauka.

Nilipompigia Habiba simu na kumweleza ukweli wote, alisema, "Ungemwacha aje." Akakata. Tangu siku hiyo hajaniita kaka, wala simlaumu. Na Hooyo nitamwomba msamaha wapi?

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini wangu ulimzuia mama asimwone mwanawe mara ya mwisho. Kilomita waachie marubani. Mtu wako akisafiri, mwendee, hata kwa lori, hata matope yakifika magotini, mshike mkono. Na mzazi akitaka kumuaga mwanawe usimhesabie saa. Mtafutie pa kukaa garini, kisha unyamaze.

Mola akufikishe salama kila uendako, na unaowaacha nyuma uwakute wangali hai. Amin.