Kiatu ya Mbio Haiko Kiatu ya Misa

Rafiki yangu, ikala karibu na miye, juu hii habari naelezeaka paka mutu mwenye naamini, si kila mutu. Ilikuwa wakati ya Zaïre. Nilikuwa nimepita miaka makumi ine, maman wa batoto bengi, na sikukimbiaka tena tangu busichana yangu kule Walungu.

Ile mwaka, ku sikukuu ya paroisse, parokia yetu, kila shirika ya Wakristu ilipaswa kutoa maman moja wa kukimbia: kushuka toka kanisa mupaka ku ziwa, na kupanda tena. Mwaka wa mbele yake shirika yetu ilikosa mutu. Tulikala ku kando tunapigia bengine makofi, na ile haya iliniuma. Basi wakati maman présidente wetu aliuliza ni nani atakimbia, nikanyoosha mukono. Bote bakacheka. Na miye nilicheka, lakini mukono sikushusha.

Nikaanza kujizoeza asubui kisha misa. Maman mwenye kikwembe anakimbia mu barabara ya Kadutu, hapa Bukavu! Batu banatoka mu manyumba: "Maman, nani amekufa?" Maman moja alianza kulia na miye mbele hata ya kuuliza.

Kandambili zilikatika siku ya kwanza. Nikaenda kununua kiatu, na pale njo nilikosea. Siye ba Bukavu, kiatu ya misa inapaswa kung'aa na kukaza kidogo, juu tunasema ngozi itafunguka yenyewe. Tena hatusumbukake kuivaa mu marché, kule ku soko. Unapima muguu na kamba ku nyumba, umeikala, unaenda na ile kamba, unaiingiza mu kiatu, ikienea, umemaliza. Kamba yangu ilienea. Kiatu ilikuwa nyeupe, nzuri ya kushangaza.

Kesho yake nikakimbia nayo. Kupanda, haikunisumbua. Kushuka, Mungu wangu! Vidole yote ilikimbilia mbele kugonga ukuta. Nilifika ku nyumba ukucha ya kidole kikubwa imekuwa nyeusi.

Papa ya batoto akaniangalia: "Maman, unatembea sawa bata."

"Bata anafikaka kwenye anaenda."

"Anafika, lakini sikukuu itakuwa imeisha."

Nilisali, kisha nikafikiri. Muguu yenye imeikala na muguu yenye iko nashuka mulima, haiko muguu moja. Basi nikarudi ku marché mangaribi, mbele ya masomo ya bamaman kwenye tulikuwa tunajifunza kusoma. Ile saa miguu imevimba na kazi ya siku muzima, sawa vile inavimbaka mu mbio. Nikavaa soksi yangu ya kukimbilia, nikachukua kiatu ingine ku meza ya muuzaji, nikavaa yote mbili, nikaanza kushuka mulima mbio.

"Mwizi!" Papa mwenye kuuza akapiga kelele. "Mukamate ule maman!"

"Siibe, papa, najaribu!"

"Kiatu banajaribuka na kamba, maman!"

"Kamba yako inakimbiaka?"

Bamaman ya tomate bakacheka mupaka bakashika tumbo. Nikarudisha, nikajaribu ingine. Moja ilikuwa laini, lakini kisigino inatoka. Ingine soli yake nguvu sawa ubao, haikunjame kwenye vidole inakunjamaka. Ile yenye ilinifaa, mbele ya kidole kikubwa ilibakia nafasi ya kidole gumba ya mukono, kisigino imekamatwa muzuri, na soli iko na meno ya kushika matope. Lakini ilikuwa ya mwanaume, tena mubaya sawa chura.

Maman présidente aliishika na vidole mbili. "Na hii kiatu ya mwanaume utapita mbele ya padiri?"

"Padiri ataangalia kama shirika yetu iko ao haiko."

"Maman, batatucheka."

"Mwaka yenye ilipita habakutucheka, juu hatukukuwa."

Akanirudishia kiatu. "Basi, uipakae hata cirage, ing'ae kidogo."

Nikaipakaa.

Siku ya sikukuu, mu kushuka, bamaman benye viatu nzuri balianza kuvua, banabeba mukononi. Miye nilishuka, vidole iko mu amani. Mu kupanda njo pumzi ilinikosa. Ku kila kona nilisema Salamu Maria. Bamaman bawili bakanipita, kisha mwengine, mwembamba, mwenye hakukuwa hata na jasho. Nikaendelea. Nilifika ku mulango ya kanisa na miguu yangu miye mwenyewe, na shirika yetu bakapiga vigelegele sawa ku arusi. Padiri akataja mashirika yote yenye ilikimbia. Yetu ilikuwa ndani. Maman présidente alilia, anasema ni vumbi.

Basi rafiki, kama uko na dada, shemeji ao maman wa jirani mwenye anataka kuanza kukimbia, umusomee hii. Kama hana nafasi ya kusikiliza yote, umuelezee kwa kifupi ile ya kujaribu kiatu, mu Mashi hata, luga yetu, mbele hajaenda ku marché.