Kijiti Kwenye Shingo ya Gitaa

Uvumilivu wangu uliisha Alhamisi, uwanjani pa shule, mwalimu wa muziki alipoinua mkono wa binti yangu mbele ya wazazi kama anayeonyesha samaki aliyeoza. Neema ana miaka tisa. Mwalimu alikuwa ameng'oa kijiti nilichomfungia kwenye shingo ya gitaa, akakitupa, kisha akamtoa kwenye kundi la wapiga gitaa.

"Mama Neema, angalia mwenyewe," akasema. "Mukono huu njo wa kuchambua muchele. Apige makofi tu."

Watoto wenzake wakacheka.

"Na wako mukubwa, Mwalimu, umekufikisha wapi?" nikamuuliza. Hapo wamama nao wakacheka. Neema hakucheka.

Sisi tuliokulia Kalemie, nani kati yetu alikuwa na mikono mikubwa? Papa yangu alitengeneza kinga, yaani baiskeli, karibu na gare ya treni, na kila kinga iliyoletwa ilikuwa ya mtu mzima. Tuliendesha mguu mmoja umepitishwa chini ya chuma cha katikati, mwili umepinda kama ndoana. Mkono wa freni ulikuwa mbali, vidole vyangu vilishika hewa. Siku moja nikateremka kilima bila namna ya kufunga, nikaishia juu ya ndakala za mama mmoja, zimeanikwa mchangani. Nilinuka samaki wiki nzima.

Yule mama alimpigia Papa kelele mpaka akachoka. Mimi nilingoja fimbo. Papa akachukua sapatu iliyochakaa, akakata kipande cha mpira, akakisokomeza nyuma ya mkono wa freni mpaka ukakaribia usukani.

"Kama haifike, tuisogeze," alisema. "Vidole vingine tutavitoa wapi?"

Kamba za freni zilizokatika hakuzitupa. Alizifumua uzi mmoja mmoja, akazikaza kwenye gitaa alilochonga mwenyewe, tumbo lake bati la mafuta. Nyuzi zile zilikata ngozi, na vidole vyetu vilinuka grisi na kutu hata wakati wa kula bukari. Mwanzoni mwa shingo nafasi za vidole zilikuwa pana, sikuzifikia. Basi akalaza kijiti juu ya nyuzi, mbele kidogo, akakifunga kwa mpira wa ndani wa gurudumu. Kuanzia pale nafasi ni nyembamba, mkono wa mtoto unatosha. Sauti ilipanda, nasi tukaimba juu zaidi. Tulipopiga kanisani hakuna aliyeuliza kijiti kile ni cha nini.

Papa hayupo tena. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia kwenye kibanda chake, gitaa likaachana, tukaokota shingo na bati. Vijana wa leo wana moto, pikipiki zinazonguruma, lakini freni ikiisha wanasimama kwa kuburuza sapatu barabarani. Hata kipande cha mpira hawajui kukata.

Wakati ule hatukuwa na kitu, na hicho kidogo kilichokuwepo kilikatwa kumfuata mtoto. Sasa shule ina magitaa mapya manne, na anayekatwa ni mtoto. Tangu Alhamisi Neema anavuta vidole vyake, kimoja kimoja, ananiuliza kama vimerefuka.

Jumatatu nilipeleka barua hii kwenye biro ya direkta wa shule, nakala kwa komite ya wazazi. Sikutoka mpaka wakapiga muhuri.

"Bwana Direkta,

Nalalamika rasmi juu ya mwalimu wa muziki. Alimtoa mwanangu Neema kwenye kundi la gitaa kwa sababu ya udogo wa mikono yake, na akamdharau mbele ya watu. Naomba amwombe radhi mbele ya watoto walewale waliocheka. Naomba pia Neema apige mbele yako na mbele ya komite, kwa namna anayoiweza, kabla ya mtu yeyote kuamua. Anajua nyimbo tatu. Mwalimu hajamsikiliza hata moja. Neema akishindwa, nitamtoa mimi mwenyewe.

Nangoja jibu la maandishi.

Mama Neema."